Mwaka wa 5 udaktari: ubingwa hauko mlango wa pili
Kijana wa Holili anayemalizia udaktari KCMC, Moshi, akiingia YouTube anaambiwa apange wodi za mwisho kwa ajili ya kuombea ubingwa. Ushauri huo ni wa Marekani, ambako maombi hutumwa kabla ya kuhitimu.

Bongo ngazi ni nyingine: chuo miaka 5, utarajali miezi 12, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, ndipo ubingwa.

Kung'ang'ania upasuaji tu ni kujichongea. Mtarajali huzungushwa pia magonjwa ya ndani, watoto na uzazi. Muda wa ziada uende wodi anayoiogopa. Usiku wa zamu, mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri daktari anayependa upasuaji.