Jicho Jekundu na Kipimo cha Sukari

Mgonjwa wa kisukari anaposhauriwa kutunza macho, huelezwa zaidi habari za retina. Kuvimba kwa tabaka la kati la jicho, yaani uveitisi, hutajwa kwa nadra. Pengo hilo lapasa kuzibwa. Sukari isiyodhibitiwa huweza kuambatana na uveitisi. Na wakati mwingine jicho jekundu, lenye maumivu na lisilostahimili mwanga, ndilo humfikisha hospitalini mtu asiyejua kuwa ana kisukari.

Tiba nayo ina mtego wake. Vidonge vya prednisoloni hutuliza uvimbe, lakini hupandisha sukari. Kumnyima mgonjwa dawa kwa kuhofia sukari si busara, kwani uveitisi isiyotibiwa yaweza kupofusha. Kumpa bila kumpima si busara vilevile. Basi sukari ipimwe kabla ya vidonge hivyo na katika muda wote wa kuvitumia. Mgonjwa naye ataje kisukari chake mapema, asiache dawa ghafla, wala asinunue matone ya macho kwa kubahatisha. Tone moja la damu kidoleni ni gharama ndogo kuliko kupotelewa na nuru ya macho.