Tusiwanyime Vijana Matunda kwa Sababu ya Chunusi

Msimu wa maembe ukifika, maneno huwa ni yale yale. Kijana akitokwa na vipele usoni, huulizwa: "Umekula maembe mangapi?" Bibi humwambia mjukuu wake: "Acha hayo maembe, mama. Yana joto. Yatakuharibu uso." Mwingine husema ni parachichi. Mwingine husema ni ndizi mbivu. Karanga nazo hazikosi kutajwa. Mwisho binti wa miaka 14 anabaki na ugali na mboga tu, na maembe yanaoza chini ya mti nyuma ya nyumba.

Ukurasa huu wa afya unasema wazi: embe haliharibu uso wa kijana. Papai haliharibu. Ndizi, parachichi na masuku ya porini hayaharibu. Kumkataza kijana matunda ni kumpunguzia afya bila kumwondolea chunusi hata moja. Sisemi hivyo ili kuwadharau wazee wetu. Wazee wameona mambo kwa macho yao, nasi tutaona hapa chini walichokiona. Lakini kuona ni jambo moja, na kujua sababu ni jambo jingine.

Chunusi hutokeaje?

Hapa sisemi juu ya chunusi wa majini, yule ambaye watu wa pwani husema anavuta waogeleaji. Nasema juu ya vipele vya uso, kifua na mgongo.

Ngozi yetu ina vitundu vidogo sana. Kila unywele hutoka katika kitundu chake. Ndani ya kitundu kuna tezi inayotengeneza mafuta. Mafuta hayo hulainisha ngozi. Mtoto anapoanza kubalehe, mwili wake hutoa homoni nyingi kuliko zamani. Homoni hizo huziamuru tezi zitengeneze mafuta mengi zaidi. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu huziba. Vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi siku zote huzaliana mle ndani. Kitundu huvimba, huwa chekundu, pengine hutunga usaha. Hiyo ndiyo chunusi.

Basi mafuta ya usoni hutengenezwa na ngozi yenyewe. Hayatoki tumboni. Watu wengi hufikiri kwamba ukila parachichi au karanga, mafuta yake hupanda mpaka usoni na kuchuruzika pale. Sivyo. Chakula kikiingia tumboni husagwa na kuvunjwavunjwa. Hakuna njia ya mfereji kutoka tumboni hadi kwenye paji la uso.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Kitundu huanza kuziba wiki kadhaa kabla ya kipele kuonekana. Kwa hiyo kipele ulichokiona leo asubuhi hakikuanzishwa na embe ulilokula jana jioni. Kilianza zamani, pengine kabla maembe hayajaiva.

Chunusi hufuata ukoo pia. Kama baba na mama walikuwa nazo ujanani, watoto huenda wakawa nazo. Wanawake wengi huziona zikiongezeka siku chache kabla ya hedhi. Hayo yote hayana uhusiano na mti wa matunda. Hayana uhusiano na uchafu wala tabia mbaya pia. Kuna watu humwambia binti mwenye chunusi kwamba "anataka mume". Maneno hayo ni ya aibu na si ya kweli. Mtoto anakua tu.

Wazee waliona nini?

Sasa tuwarudie wazee. Kwa nini walisema embe ni baya kwa ngozi?

Kwanza, utomvu. Ukichuma embe, kikonyo hutoa utomvu. Utomvu huo, na ganda la embe, huwasha ngozi ya watu wengine. Mtu akimenya embe kwa meno, anaweza kupata vipele vinavyowasha kuzunguka midomo na mashavuni. Vipele hivyo ni vya kweli. Ndugu zetu wa Tunduru watanielewa upesi, maana mwembe na mkorosho ni miti ya jamii moja. Kila anayebangua korosho anajua jinsi mafuta ya ganda lake yanavyounguza mikono. Utomvu wa embe ni mpole kuliko huo, lakini ni wa ukoo huo huo. Hata utomvu wa papai bichi huwasha.

Lakini vipele vya utomvu si chunusi. Vinawasha sana, vinatokea pale utomvu ulipogusa, na vinapona baada ya siku kadhaa. Dawa yake ni kuosha embe, kulimenya kwa kisu, na kunawa mikono na uso baada ya kula. Mtu ambaye midomo yake huvimba au hupata shida ya kupumua akila embe, huyo aliache kabisa na aende kwa mganga wa zahanati upesi. Watu kama hao ni wachache.

Pili, majira. Hapa kwetu maembe huja na joto na mvua. Watu wako shambani na jembe, jasho linatoka, kofia na kitambaa vimebana paji la uso. Vijana wa shule wako likizo ya Desemba. Jasho na kubanwa kwa ngozi huweza kuzidisha vipele. Mtu anaona vipele na anaona maembe kwa wakati mmoja, naye anasema hiki kimeleta kile. Lakini jembe nalo lilikuwepo. Mbona halilaumiwi?

Wataalamu wameona nini?

Katika bahari ya Pasifiki kuna kisiwa kidogo kiitwacho Kitava, katika nchi ya Papua New Guinea. Watu wa huko ni wakulima na wavuvi. Chakula chao ni viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, samaki na nazi. Madaktari waliwachunguza watu 1,200 wa kisiwa hicho. Kati yao 300 walikuwa vijana wa miaka 15 hadi 25, umri wa chunusi hasa. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2002. Hawakumwona hata mtu mmoja mwenye chunusi.

Huenda damu ya ukoo wao inawasaidia. Hilo hatuwezi kulikataa. Lakini kama matunda yangekuwa ndiyo mwenye makosa, kisiwa kizima kinachokula matunda kingejaa chunusi.

Mwaka 2007 kulichapishwa jaribio jingine, la Australia. Vijana wa kiume 43 wenye chunusi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea na chakula cha kawaida cha huko. Kundi la pili lilipunguza sukari na vyakula vya unga mweupe, likala zaidi nyama isiyo na mafuta mengi, samaki, mikate ya nafaka zisizokobolewa na matunda. Ndiyo, na matunda! Baada ya wiki 12, kundi la pili chunusi zake zilipungua zaidi.

Maana yake ni hii. Chakula kikiwa na sukari nyingi, sukari hupanda upesi katika damu. Mwili hutoa homoni ya kuishusha, na homoni hiyo huweza kuchochea tezi za mafuta. Embe lina sukari pia, lakini lina nyuzinyuzi na maji. Halifanani na soda. Chupa moja ya soda ina sukari ya vijiko vya chai saba au zaidi. Wengine wameona pia kwamba maziwa mengi huongeza chunusi kwa baadhi ya watu, lakini ushahidi huo si imara sana, na kwa watoto wetu maziwa ni haba, hivyo sitawaambia wayaache.

Hapo ndipo ninaposhangaa. Mzazi anamkataza mtoto embe ambalo anaokota bure, kisha anampa fedha akanunue soda na maandazi dukani. Hata juisi ya embe, ikitiwa sukari vijiko vitatu, inaanza kufanana na soda. Kula embe lenyewe.

Hasara ya kunyimana

Wazee wanaokumbuka vikundi vya redio vya Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975, wanajua kwamba habari ya chakula si ngeni kwetu. Mkoa wetu wa Ruvuma huvuna mahindi mengi. Ghala zinajaa. Hata hivyo watoto wengi wa mkoa huu wamedumaa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Ruvuma ilizidi wastani huo. Mahindi hatukukosa. Tumekosa vyakula vya kuandamana nayo, na matunda ni mojawapo.

Embe bivu na papai bivu vina vitamini A. Vitamini hiyo hulinda macho, husaidia mwili kupigana na magonjwa, na husaidia ngozi yenyewe. Pera lina vitamini C nyingi, ambayo husaidia kidonda kupona na husaidia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye mboga za majani na maharage. Binti aliyeanza hedhi anahitaji madini ya chuma kuliko kaka yake. Ni yeye huyo huyo anayeogopa uso wake kuliko wote, na ndiye anayekatazwa matunda kwanza. Kesho atakuwa mama. Tunamwandaa vipi?

Kuna dawa za chunusi ambazo wataalamu wamezitengeneza kwa kufuata vitamini A. Lakini msikimbilie kumeza vidonge vya vitamini A. Vikizidi huleta madhara, na kwa mwanamke mjamzito huweza kumlemaza mtoto tumboni. Vitamini iliyo ndani ya embe haina hatari hiyo.

Kinachoharibu uso hasa

Nikizunguka magulioni sioni uso ulioharibiwa na papai. Naona nyuso zilizoharibiwa na krimu. Binti akishaona matunda hayamsaidii kuyaacha, hununua kopo dogo lisilo na maelezo. Ndani yake huenda mna zebaki, au haidrokwinoni, au dawa kali za jamii ya steroidi. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini Tanzania, lakini bado vinauzwa kwa siri. Mwanzoni uso hung'aa. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na chunusi mpya hutoka nyingi kuliko za kwanza, kwa maana steroidi zenyewe huleta chunusi. Zebaki huharibu figo.

Wengine hupaka maji ya ndimu au limau kisha huenda shambani. Maji hayo yakikutana na jua kali huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Kwa hiyo tunda tunaloliogopa mdomoni tunalipaka usoni, mahali ambapo ndipo lina madhara! Dawa ya meno nayo huunguza. Kuminya chunusi kwa kucha huacha makovu.

Fanya hivi. Nawa uso mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo kali. Usisugue kwa nguvu. Usipake mafuta mazito usoni. Jifute jasho kwa kitambaa safi. Na kama kweli unaamini kwamba tunda fulani linakudhuru, lijaribu kwa haki. Liache tunda hilo moja tu kwa mwezi mzima, ukiendelea na mengine. Kisha lirudie. Kama hukuona tofauti, ujue ulikuwa unalisingizia. Ukiona tofauti mara mbili tatu, liache hilo, ule mengine. Lakini usimkataze jirani yako kwa sababu ya uso wako.

Chunusi nyingi hupungua zenyewe ujana unapopita. Zikiwa kubwa, zikiuma, zikiacha mashimo, au zikimfanya kijana aone haya kwenda shule, zina matibabu. Sisi wa Maposeni tuna bahati ya kuwa karibu na hospitali ya Peramiho. Anza zahanati. Mganga akiona vema atakuandikia barua ya kwenda mbele. Usinunue tetrasaiklini dukani kwa kukisia, maana haifai kwa mwanamke mjamzito wala kwa mtoto mdogo. Dawa ya chunusi huchukua wiki sita hadi nane au zaidi kabla ya kuonyesha kazi yake, hivyo usiitupe wiki ya pili. Na siku ya kwenda, chukua lile kopo la krimu unayopaka. Usilifiche. Mganga alisome, ajue aanzie wapi.