Kumwagia Ayala Mahindi

Katika nchi ya Marekani kuna nyama wa pori aitwaye ayala. Ukimwona kwa mbali utadhani ni paa, lakini pembe za dume zina matawi kama mti, nazo huanguka kila mwaka na kuota mpya.

Karibu na mwaka 1900 ayala wenye mkia mweupe walibaki labda 500,000 tu katika nchi nzima. Kwa nini? Kwa sababu watu waliwinda miezi yote na kuuza nyama sokoni. Ndipo serikali zikaweka majira ya kuwinda, hasa wakati majani ya miti yanapoanguka. Sheria hiyo ina akili. Jike huzaa karibu na mwezi wa tano au wa sita. Ukimpiga wakati ule, mtoto naye anakufa kwa njaa. Majira yakifika, mtoto anakula majani mwenyewe. Leo ayala hao wanakadiriwa kuwa milioni 30. Anayenung'unika kwamba bunduki imezuiwa miezi mingi, na asome hesabu hizo.

Lakini kuna desturi nyingine ambayo mimi naikataa: kumwaga mahindi porini. Wengine humwaga ili ayala wazoee mahali pale, kisha mwindaji anakaa juu ya mti akingoja. Huko si kuwinda, ni kuchinja. Wengine huwaonea huruma wakati wa theluji. Huruma yao ni ya kweli, ila hawajui tumbo la ayala. Lina vyumba vinne, kama la mbuzi, na ndani yake mna vijidudu vinavyolainisha chakula. Wakati wa baridi ayala hula vijiti na machipukizi, na vijidudu vimezoea hayo. Akipewa mahindi mengi kwa ghafula, tumbo linachachuka, naye anaweza kufa akiwa ameshiba. Mwulizeni mfuga mbuzi aliyesahau kufunga mlango wa ghala!

Tena kuna jambo baya zaidi. Mwaka 1967, huko Colorado, ayala waliofungiwa uani walionekana wakikonda mpaka kufa. Ugonjwa huo hauna dawa wala chanjo. Hupita kwa mate, mkojo na mavi, na hukaa udongoni miaka mingi. Sasa umeonekana katika majimbo zaidi ya 30. Mwaka 2001 ulionekana hata Korea Kusini, kwa jamaa za ayala walionunuliwa Kanada. Haijathibitika kwamba mtu ameupata, lakini waganga wanaonya watu wasile nyama ya ayala mgonjwa.

Porini ayala hula hapa kidogo, pale kidogo. Kwenye rundo la mahindi pua zote zinagusana. Majimbo mengine yamekataza marundo hayo. Mengine bado yanaruhusu, maana wawindaji wanayapenda na wenye maduka wanauza magunia. Hao wakubwa wanaoruhusu nawalaumu.

Anayetaka kweli kuwasaidia ayala aache vichaka vya kando ya shamba lake, asivifyeke. Humo watapata machipukizi ya kula na mahali pa kujikinga na upepo, wala hatahitaji kubeba gunia.