Tafuteni mbari kabla ya jina la babu

Kwa sisi wa Kiambu tunaotafuta historia ya familia, nina jambo la kuwaambia. Ukienda Nyaraka za Taifa pale Nairobi na jina la babu pekee utachoka bure, maana zamani ardhi ya Wakikuyu ilikuwa ya mbari, yaani ukoo mdogo. Anzeni na ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoundwa 1932. Ni majuzuu matatu mazito, na humo wazee wanaeleza githaka chao, yaani ardhi ya mbari yao, kilianzia mto gani, kilinunuliwa kwa mbuzi wangapi na mzungu yupi alikichukua. Ndivyo sisi tulivyompata baba yake babu.

Hatimiliki nayo msiiamini peke yake. Mashamba yalipounganishwa na kuandikishwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, na wapo waliorudi wakakuta ardhi yao ina jina la mtu mwingine. Inauma mpaka leo! Nyanya yetu bado anaonyesha maua ya itoka yaliyopandwa kuwa mpaka, shina kwa shina, ndani ya shamba ambalo hati yake si yetu. Kama mna mzee aliyebaki, tembeeni naye shambani mkiwa na simu ya kurekodi.