Mtihani wa mfamasia ni kinga ya mgonjwa

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii ugonjwa. Tunataka kusema juu ya vijana wetu waliosomea famasi, ambao hivi sasa wanakesha na vitabu wakijiandaa kwa mtihani wa usajili. Wengine wako Musoma mjini, wengine Bunda, na wengine wamerudi kwa wazazi wao Butiama ili wapate utulivu wa kusoma. Pengine utajiuliza jambo hilo linakuhusu nini wewe mkulima au mvuvi. Jibu letu ni kwamba linakuhusu sana, kwa sababu mtihani ule umewekwa kwa ajili yako.

Kwanza tueleze safari yenyewe. Kijana anayetaka kuwa mfamasia husoma chuo kikuu kwa miaka minne. Masomo hayo yalianza nchini mwaka 1974 pale Muhimbili, Dar es Salaam. Leo vipo vyuo vingine, na kilicho karibu nasi zaidi ni Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi pale Bugando, Mwanza. Akihitimu, anakwenda hospitalini kwa mwaka mzima wa mafunzo ya kazi, na hapo huitwa mfamasia mtarajali. Baada ya hapo ndipo anakutana na mtihani wa Baraza la Famasi. Baraza hili linafanya kazi kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na bila kusajiliwa nalo hakuna anayeruhusiwa kujiita mfamasia, hata akiwa na shahada yake ukutani.

Wapo wanaonung'unika. Husema: “Huyu kijana amefanya mitihani chuoni miaka minne, na kila mara amefaulu. Kwa nini apimwe tena?” Malalamiko hayo tunayaelewa. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa ada angependa kumwona mwanawe akianza kazi. Hata hivyo hatukubaliani na hoja hiyo. Mwalimu wa chuo hupima kama mwanafunzi ameelewa alichofundishwa. Baraza huuliza jambo jingine: je, mtu huyu akiachwa peke yake na kabati la dawa, wananchi watakuwa salama? Haya ni maswali mawili tofauti, na wapo wanaoweza kujibu la kwanza vizuri wakakwama kwenye la pili.

Kwa hiyo tunapenda kuwapa vijana wetu maoni yetu juu ya namna ya kujiandaa. Hatuyatoi kama watunga mtihani. Tunayatoa kama watu ambao kwa miaka mingi tumesimama pande zote mbili za dirisha la dawa.

1. Hesabu zisiogopwe

Watahiniwa wengi huziogopa hesabu, wakaziacha hadi wiki ya mwisho. Ni kosa. Chukueni mfano wa kichocho, ugonjwa tunaoujua vizuri sisi tunaokaa kando ya Ziwa Viktoria. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito: miligramu 40 kwa kila kilo moja ya mwili, na kidonge kimoja kina miligramu 600. Mtoto wa kilo 15 anahitaji kidonge kimoja. Mwenye kilo 30 anahitaji viwili. Mvuvi wa kilo 60 anahitaji vinne. Anayegawa viwili viwili kwa kila mtu atamwacha mvuvi na minyoo yake.

Au mtoto mwenye homa, uzito wake kilo 12. Akipewa parasetamoli ya miligramu 15 kwa kilo, anahitaji miligramu 180. Chupa ya dawa ya maji imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Basi ni mililita 7.5, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Lakini mama akitumia kijiko cha mezani, ambacho ni mara tatu ya kijiko cha chai, mtoto atakunywa mara tatu ya kipimo. Kwa hiyo hesabu haiishii kwenye karatasi. Inaishia kwenye kijiko kilichoko jikoni kwa yule mama, na mtahiniwa mwema hujizoeza kuuliza: “Mama, nyumbani una kijiko gani?”

Ushauri wetu ni kufanya hesabu tano kila siku kuanzia mwezi wa kwanza wa utarajali, na kuzichukua kutoka kwenye vyeti halisi vya wagonjwa. Kichwa hushika zaidi hesabu yenye sura ya mtu.

2. Dirisha la dawa ni darasa

Tumewaona watarajali wanaoona kazi ya dirishani kuwa adhabu. Hugawa dawa huku wakisubiri jioni wakasome. Sisi tunasema wanayoyasoma jioni yamewapita mchana. Siku moja dirishani huleta shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu, mjamzito mwenye malaria na mzee anayemeza dawa za aina sita. Andika kila siku vyeti vitatu katika daftari lako. Jiulize: dawa hii inafanya kazi gani mwilini? Inagombana na ipi? Nani hapaswi kupewa? Ukifanya hivyo mwaka mzima, utaingia mtihanini na wagonjwa mamia wakiwa nyuma yako.

Dirishani pia ndipo utakapojua hatari ya majina yanayofanana. Klopropamidi ni dawa ya kisukari. Klopromazini ni dawa ya wagonjwa wa akili. Mwandiko ukiwa mbaya na foleni ikiwa ndefu, makopo hayo mawili hukaribiana sana. Mtarajali aliyewahi kusimama, akamrudia daktari na kuuliza, “Uliandika ipi?”, amejifunza somo ambalo kulipata kitabuni peke yake ni vigumu.

3. Ijue dawa kwa Kiswahili pia

Hili ndilo jambo tunalolitilia mkazo kuliko yote. Vitabu vya famasi ni vya Kiingereza, lakini mgonjwa wa Kibara au Kiabakari hazungumzi Kiingereza cha vitabu.

Tazameni maneno yetu ya kila siku. Kwenye bahasha ya dawa tunaandika “1 x 3”. Kwetu sisi maana yake iko wazi, lakini tumekutana na mzee aliyemeza vidonge vitatu kwa mkupuo, akidhani ndivyo alivyoagizwa. Tena tunasema, “Kimoja kutwa mara tatu.” Kwa Kiswahili kutwa ni mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Basi mgonjwa mtiifu humeza asubuhi, adhuhuri na alasiri, kisha usiku wote mwili unakaa bila dawa. Hakukosea yeye. Tulikosea sisi tuliompa neno lisilotosha.

Tumewahi kushuhudia jambo kubwa zaidi. Mama mmoja alipewa dawa mseto ya malaria kwa ajili ya mwanawe. Dozi ya kwanza ilinywewa palepale, saa nne asubuhi. Mgawaji akamwambia, “Nyingine umpe baada ya saa nane.” Alikusudia muda wa saa nane, yaani ifike saa kumi na mbili jioni. Mama akasikia saa nane ya mchana, akampa dozi ya pili baada ya muda wa saa nne tu. Mtoto hakudhurika, nasi tunashukuru. Je, ingekuwa dawa kali zaidi?

Kwa hiyo, kijana, kila dawa unayoisoma, funga kitabu kisha ieleze kwa Kiswahili kama unavyomweleza bibi yako: kazi yake, wakati wa kuimeza, chakula cha kuandamana nayo, jambo la kuogopa na siku ya kurudi hospitalini. Taja saa yenyewe: “Shikamoo mama. Hii mpe sasa, na nyingine mpe leo jioni, saa kumi na mbili.” Kisha mwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe. Ukishindwa kueleza kwa Kiswahili, ujue hata kwa Kiingereza ulikuwa umekariri.

4. Sheria na maadili si sura ya mwisho

Wengi husoma dawa kwanza, na sheria huiacha kwa usiku mmoja. Lakini kijana atakapoanza kazi, jaribu lake la kwanza huenda lisiwe la dawa. Huenda likawa mfanyabiashara anayemwambia, “Nipe cheti chako nikitundike dukani, wewe kaa nyumbani, kila mwezi nitakulipa.” Fedha hiyo ni tamu kwa mwenye madeni. Lakini duka lenye cheti cha mfamasia bila mfamasia mwenyewe linamdanganya kila anayeingia. Aliyeelewa sababu ya sheria atakataa. Aliyeikariri atatafuta njia ya kuikwepa.

Vilevile wanatokea watu wanaodai kuuza maswali ya mtihani. Tunawasihi vijana wasiwasogelee. Aliyenunua majibu hataweza kununua majibu ya mgonjwa atakayemjia saa tano usiku.

5. Someni pamoja, na mlale

Kikundi cha watu watatu au wanne kinatosha. Mmoja awe mgonjwa, mwingine mfamasia, wa tatu asikilize na kukosoa. Kisha mbadilishane. Na usiku wa kuamkia mtihani, laleni. Kichwa kilichochoka hukosea hata desimali, na desimali iliyohama nafasi moja ni dawa mara kumi.

Wajibu wetu sisi wengine

Mzigo huu si wa watahiniwa peke yao. Hospitali zinazowapokea watarajali zisiwafanye mikono ya bure ya kupunguza foleni. Mfamasia mzoefu atenge walau saa moja kwa wiki akae nao, awaulize maswali na kuwasahihisha bila kuwadhalilisha. Kijana aliyetukanwa kwa kuuliza ataacha kuuliza, na siku atakayonyamaza ndiyo siku ya hatari.

Wazazi nao wawe na subira. Kijana akikosa kufaulu mara ya kwanza, nyumba isigeuke matanga. Kurudia mtihani kunagharimu muda na fedha, lakini kosa la dawa laweza kugharimu uhai. Heri arudie kijana kuliko azikwe mgonjwa.

Wananchi nao wana nafasi. Vijijini wengi wetu hatumwoni mfamasia. Tunahudumiwa na watoa dawa katika Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini. Hao nao wanastahili kuulizwa maswali. Unapopokea dawa, uliza: “Hii ni dawa gani? Naimeza saa ngapi? Kwa siku ngapi?” Mgonjwa anayeuliza humfundisha mgawaji kujiandaa. Mgonjwa anayepokea bahasha na kuondoka kimya humzoesha uvivu.

Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alitaja maadui watatu wa taifa letu: ujinga, maradhi na umaskini. Kwenye dirisha la dawa maadui hao watatu huja pamoja. Mgonjwa ana maradhi, fedha yake ni kidogo, na dawa alizopewa hazijui. Anayesimama upande wa pili asipokuwa na ujuzi, basi ujinga umekaa pande zote mbili.

Kwa vijana wetu mnaojiandaa, tunawatakia heri. Msisome ili mpate cheti tu. Someni mkimkumbuka mama yule wa saa nane. Siku moja atafika dirishani kwenu na mtoto mgongoni, atawaita “daktari”, na atafanya kila mtakachomwambia. Anawaamini tayari, kabla hata hamjafanya mtihani. Hakikisheni imani hiyo hamkuipewa bure.