Usimwandikie Mwanao Hisabu Yake

Ewe mzazi wa Kiislamu, kama unaye mtoto katika Gredi ya 7, ya 8 au ya 9, basi siku ya utamaduni si khabari ngeni kwako. Mtoto hurudi nyumbani na barua kuwa wiki ijayo kila mwanafunzi aje na vazi la kwao, chakula cha kwao na ngoma ya kwao. Ikisha siku hiyo, hupewa karatasi aandike mwenyewe: amefanya nini, amejifunza nini, na wapi amepungukiwa. Mambo haya mawili, sherehe na karatasi, nataka tuyatazame leo kwa jicho la insafu. Na nakwambia mapema usije ukadhani vingine: lawama yangu haiendi skulini. Yaja majumbani mwetu.

Wako miongoni mwetu wasemao kuwa siku hiyo ni mambo ya kijahilia na mtoto wa Kiislamu asihudhurie. Hawa tuwaulize: je, hawakusikia kuwa Mahabushi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina siku ya Idi, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bi Aisha naye akitazama mpaka alipotosheka? Je, hawakusoma katika Suratul Hujurat, aya ya 13, kuwa Mwenyezi Mungu ametufanya mataifa na makabila ili tujuane? Darasa moja la Mombasa, Malindi au Lamu hukusanya Mswahili, Mgiriama, Mpokomo, Mkamba na Msomali. Watoto hawa watajuana lini ikiwa hata siku waliyotengewa twawafungia nyumbani? Lililo haramu ni haramu: ngoma za kukata viuno mbele ya watu, mavazi yaachayo mwili wazi, na Adhuhuri kupitishwa kwa kuwa zamu ya kucheza haijafika. Hayo mzazi ana haki ya kuyakataa, amwendee mwalimu mkuu kwa adabu amwambie. Lakini kuukata mti mzima kwa ajili ya tawi moja si hekima.

Kundi la pili ndilo kubwa, na msiba uko huko. Hawa hufurahi. Huazima kanzu kwa jirani, hununua leso asubuhi ya siku ile ile, hupiga picha, kisha nguo hurudi kabatini na utamaduni hurudi pamoja nazo. Mtoto amevaa kofia ya viua, na mwenziwe amuuliza, "Hii hushonwaje?" Hajui. Hajui kuwa kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono, na kuwa kofia moja yaweza kumchukua fundi miezi. Msichana amejifunga leso, na leso, kama ujuavyo, ina jina lake, na wanawake wa pwani wamesemezana kwa leso tangu zama za mabibi zao. Aulizwa, "Maneno haya yana maana gani?" Atazama chini. Hajui kuwa zamani majina hayo yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, wala hajapata kumuuliza bibi yake kwa nini leso hii hupewa shoga na ile hupelekewa mgomvi. Na mtoto huyo ndiye apigiwaye makofi kuwa ameiwakilisha mila yetu! Amewakilisha nini, na hakijui? Tumemfanya kama sanamu la dukani: limevishwa vizuri, lakini halisemi.

Sasa twende kwenye karatasi. Mtaala huu wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 7 mwaka 2023 na kufanya mtihani wa Gredi ya 9 mwaka 2025, humtaka mwanafunzi ajipime mwenyewe. Sisi Waislamu jambo hili lisingetushtua, kwani kwetu lina jina la zamani: muhasaba. Seyyidna Umar (R.A.) amepokewa akiwausia watu wajihisabu nafsi zao kabla hawajahisabiwa. Leo skuli yamwambia mwanao ajihisabu, na wewe wafanya nini? Wachukua kalamu, wamwandikia! Wamwandikia kuwa amejifunza kuheshimu mila zote na kushirikiana na wenzake. Maneno ni mazuri, ila si yake. Huenda siku hiyo alikicheka chakula cha mwenziwe, au aliwaachia wengine kazi ya kufagia ukumbi akenda kupiga picha. Hilo ndilo alilopaswa kuliandika, na hilo ndilo ulilomfutia.

Tazama tena umri wao. Watoto wa madarasa haya wengi wao wana miaka 12 hadi 15, nao ndio umri wa kubaleghe. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu haimwandikii mtoto mpaka abaleghe. Basi katika miaka hii mitatu ndipo kalamu ianzapo kumwandikia mwanao, na Siku ya Kiama si mama wala baba atakayemjibia. Na katika miaka hiyo hiyo wewe wamzoeza kuwa hisabu yake huandikwa na mtu mwengine, na kuwa kosa likipambwa kwa maneno huwa si kosa. Wadhani wamsaidia, kumbe wamfunza kughushi.

Utasema, "Lakini kazi za skuli zina alama." Kweli, tathmini za skulini za Gredi ya 7 na 8 huhisabiwa asilimia 20 katika matokeo ya mwisho ya Gredi ya 9. Lakini je, ukweli wa mwanao wauuza kwa asilimia ngapi? Na atakapofika chuoni au kazini na wewe hupo, nani atamshikia kalamu? Utasema tena, "Wazazi wote hufanya hivyo." Wengi wakipotea njia, njia haihami ikawafuata.

Basi lipi la kufanya? Wiki moja kabla ya sherehe, mpeleke mwanao kwa bibi yake, au kwa fundi wa kofia, au kwa msusi wa mkeka, ajifunze jambo moja tu kwa mikono yake, hata kama atalifanya vibaya. Avae kile awezacho kukieleza. Mwambie naye amuulize mwenziwe wa kabila jengine swali moja na arudi na jawabu lake. Na usiku, baada ya Isha, kaa naye robo saa bila simu, umuulize: Umefanya jema gani? Umemkosea nani? Kesho utalitengeneza vipi? Kisha mpe karatasi na wewe uondoke. Yaache makosa yake ya hijai kama yalivyo, mwalimu atayasahihisha. Akiandika kuwa amemkosea mwenziwe, usimkemee. Mwambie akamtake radhi asubuhi.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wenye kujihisabu wangali duniani, na atupe sisi wazazi subira ya kuwaachia kalamu zao. Amin.