Chini ya Meli Si Kama Kwenye Video

Wasee, wacha nianze na kosa langu.

Mwaka jana niliposti video ya sekunde hamsini. Nilikuwa nimeunganisha vipande vya watu wakitembezwa chini ya meli kubwa za kitalii: jikoni, dobi, ghala la chakula, ile njia ndefu ya wafanyakazi. Nikaweka muziki, nikaandika juu yake: "Kazi majuu bila digrii." Mimi mwenyewe nilitoka chuo kabla nimalize, so hayo maneno yalitoka moyoni. Video ikashika. Hadi leo ndiyo imetazamwa kuliko zote nimewahi kufanya.

Wiki chache baadaye kijana mmoja wa Mombasa akaniandikia inbox: "Brathe, ajenti alinitumia hii video yako. Anataka elfu themanini anishikie nafasi. Nishatuma arobaini, nimalizie?"

Nafasi haikuwako. Alipoanza kuuliza maswali ajenti akazima simu. Hizo elfu arobaini mamake alikuwa amekopa kwa chama, na chama hakijui mambo ya ajenti. Kinajua tarehe ya kulipa.

Tangu siku hiyo siwezi kutazama hizi video vile nilikuwa nazitazama. Na bado zinakuja kwa simu zetu kila siku, kwa hivyo tuongee.

Kwanza, ujue unachotazama. Hizi ziara ni bidhaa. Abiria ashalipia safari, halafu anaongeza dola mia moja au zaidi, kama elfu kumi na tatu za huku, ili apelekwe mahali abiria hawaingii. Anaona jiko likipika maelfu ya sahani, mashine za kufua zikizunguka usiku na mchana, chumba cha kudhibiti injini, nyuma ya jukwaa la shoo, na mwisho anapiga picha na nahodha. Anapitishwa kwa ile njia ya wafanyakazi inayotoka mbele ya meli hadi nyuma. Kwa meli nyingi inaitwa I-95, jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya Marekani. Kampuni zingine zinakataza simu na kamera kabisa kwenye ziara. Kwa hivyo ile tunaiona mtandaoni mara nyingi ni kile mtu ameruhusiwa kuonyesha.

Na ukweli usemwe, ni kitu cha kushangaza. Chukua Icon of the Seas, meli iliyoanza kubeba abiria Januari 2024. Ikijaa inabeba abiria 7,600, na wafanyakazi 2,350. Huo ni mji. Kuna mtu anakunja taulo za mji mzima. Mimi bado nataka kuona hiyo kazi ikifanywa.

Shida yangu ni kile ziara haifiki. Mara nyingi haifiki kwa kabini ya mfanyakazi.

Kuna sheria ya dunia inaitwa Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, na Kenya iliuridhia 2014. Huo mkataba unasema kabini ya wafanyakazi wawili wa kawaida kwenye meli ya abiria isipungue mita 7.5 za mraba. Sasa wewe wa Kayole, wewe wa Mukuru, unajua ten-by-ten, nyumba ya futi kumi kwa kumi. Hiyo ni kama mita 9.3 za mraba. Yaani meli inaweza kuwalaza watu wawili mahali padogo kuliko ten-by-ten, na ikuwe haijavunja sheria yoyote. Na hapo ndipo unaishi miezi sita, miezi tisa, na mtu hukumchagua.

Saa za kazi pia hazionekani kwa ziara. Mkataba huo huo unaruhusu nchi kuhesabu kwa njia mbili. Njia ya kwanza, usifanye kazi zaidi ya saa 72 kwa wiki. Njia ya pili, upate mapumziko yasiyopungua saa 77 kwa wiki. Inasikika poa, sindio? Lakini wiki ina saa 168. Toa 77, zinabaki 91. Hizo ni saa 13 kila siku, siku saba. Huku kwetu kanuni ya jumla ya mishahara inasema saa 52 kwa wiki, na bado tunalia.

Kasini yangu alifanya kwa dobi ya meli moja miezi tisa. Nilimuuliza siku ya ziara inakuwaje. Akacheka. "Mnajua mapema. Sakafu inapigwa deki mara mbili, unavaa yunifomu mpya. Wageni wanapita dakika kumi, wanasema wow, wanakupungia mkono." Nikamuuliza kama ilimkera. Akasema hapana, alipenda kuonwa, kwa sababu siku zingine zote alikuwa kama hayuko. "Lakini hakuna hata mmoja aliniuliza nimelala saa ngapi."

Hiyo ilinikaa.

Najua kuna wenye watasema, "Wacha chuki, hizo ziara zinasaidia. Abiria akishaona jasho, anaheshimu mfanyakazi." Nakubali, kiasi. Kasini yangu mwenyewe ni ushahidi kwamba kuonwa ni kitu. Na sisemi msiende. Yeye alijenga nyumba ya mamake na hiyo dobi, na akiitwa tena kesho ataenda. Kazi ni kazi, na hapa Kenya nani anakupa nyingine?

Ninachosema ni hiki: ziara ya wageni si ushahidi wa hali ya kazi. Ni sebule ambayo imefagiliwa kwa sababu wageni wanakuja. Mtalii akidanganyika na hiyo sebule amepoteza elfu kumi na tatu, na anarudi juu kula. Sisi tukidanganyika, tunapoteza pesa ya chama. Video ni moja, lakini yeye anaitazama kama burudani na sisi tunaitazama kama tangazo la kazi.

Kwa hivyo kama unaitafuta hii kazi, shika haya matatu. Moja: chini ya ule mkataba, ajenti haruhusiwi kukutoza pesa ya kukupatia kazi. Unaweza kulipia cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti yako. Visa ni juu ya mwenye meli. Akikuambia "tuma kitu kidogo nikushikie nafasi," mazungumzo yameisha. Mbili: uliza Kenya Maritime Authority kama huyo ajenti ana leseni, kabla ya kutuma hata shilingi. Tatu: omba kusoma mkataba wenyewe, uangalie saa, mshahara, na tiketi ya kurudi nyumbani inalipwa na nani. Video usiitumie kuamua chochote.

Na sisi wenye tunaposti, tuwache kujifanya hatujui. Mimi hutengeneza video za "nyuma ya pazia" za wasanii, na nawaambieni, pazia huwa linafunguliwa pale mwenye shoo anataka. Nilijua hivyo, na bado niliandika "Kazi majuu bila digrii" kama mtu ameonyeshwa kila kitu. Sikuwa nimeongea na hata mfanyakazi mmoja. Kasini yangu alikuwa kwa WhatsApp yangu hiyo siku yote.

Ile video sijaifuta, juu ingebaki kwa simu za maajenti tu. Nimeibandika juu kabisa ya ukurasa, na maneno mapya: saa 91, mita 7.5, ajenti halipwi. Pesa yenye iliniletea nilimtumia yule kijana. Haikufika hata robo ya zile elfu arobaini. Bado anaosha magari, na mamake bado analipa chama kila Jumamosi.